Kinachomtuliza Mtoto



Somo letu ni Zaburi ya 131, mistari mitatu tu. Mwenye zaburi anajifananisha na mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa, ametulia kwa mama yake. Mtoto huyu halilii maziwa tena, lakini mama bado anamtaka. Anatulizwa na mtu, si na kitu.

Kwa zaburi hiyo hiyo nilikosea mbele yenu. Mwaka 2021, hapa Dzaleka, nilihubiri juu ya zile chuchu za mpira ambazo wengi wetu tunaziita tetine. Nilisema mama anayemziba mtoto kinywa kwa mpira ameikimbia kazi ya Mungu. Kina baba waliitikia Amina kwa nguvu, sisi tusioamka usiku! Mama mmoja akatoka nje, mtoto mgongoni.

Jioni nilimfuata kwake. Kumbe alfajiri alikuwa anapanda basi dogo mpaka Lilongwe, na jingine mpaka Mitundu, kuuza vitenge sokoni. Mtoto wa miezi saba alibaki na dada yake wa miaka tisa. Akaniuliza, "Mchungaji, huyu binti hana ziwa. Wewe ungempa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha.

Hatari zipo, sikatai. Mtoto mchanga akinyonya mpira muda wote, huenda akanyonya ziwa kidogo, na maziwa ya mama yakapungua. Ikianguka chini, kuifuta kwa kitenge hakutoshi. Ioshwe na kuchemshwa. Isifungwe kamba shingoni. Isichovywe kwenye sukari, wala asali, maana asali ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka 1. Lakini hata WHO na UNICEF, waliosema mwaka 1989 watoto wanaonyonya wasipewe, mwaka 2018 walibadilisha: mama aelezwe hatari zake. Aelezwe, ndugu zangu, si kuaibishwa kanisani.

Hana alikaa nyumbani mpaka alipomwachisha Samweli, na Elkana alikubali. Mjane wa hapa, Elkana wake ni nani?

Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini, biashara za nje zilivunjika kwa wengi. Foleni za maji bado zipo, na watoto bado wanaachwa. Kina mama watano wamejitolea kuwabeba asubuhi, kwa zamu.

Kina baba, daftari la majina liko kwa katibu. Mpaka leo hakuna hata mmoja wenu aliyejiandikisha. Jina langu nimeliandika Jumatano.