Ukuta Kwanza, Karatasi Baadaye

Wanangu mlioanza maisha juzi, mkapata nyumba yenye karatasi za ukutani zilizochoka, haraka yenu naielewa. Kona zimejikunja, maungio yameachana, na chini karibu na sakafu pameingia madoa ya kahawia. Mgeni akija mnamkalisha upande usioonekana. Kwenye simu mmeshaona karatasi mpya yenye maua makubwa, bei ya roli imeandikwa pembeni, mkapiga hesabu hapo hapo kwenye kochi na kuona jambo dogo, mwisho wa mwezi linakwisha. Ngojeni kidogo. Bei mliyoiona ni ya karatasi. Ukuta nao una bei yake, na hiyo haijaandikwa dukani.

Neno langu kwenu ni moja, mengine yote yanalifuata: msinunue hata roli moja kabla hamjajua kwa nini ile ya kwanza imebanduka.

Karatasi iliyobandikwa vizuri kwenye ukuta mkavu hukaa miaka mingi. Ikianza kuachia mapema, mara nyingi mkosaji ni maji, na maji huacha alama ya alikopita. Doa likiwa juu, karibu na dari, tazameni bati, misumari yake na mfereji wa paa. Likiwa ukuta mmoja na bafu, mwiteni fundi bomba. Likianzia sakafuni na kupanda hadi usawa wa goti au kiuno, tena likiambatana na unga mweupe unaopukutika mkigusa, hayo ni maji ya ardhini: tofali za saruji huyanyonya kutoka kwenye msingi, yanapanda na chumvi yake, yanakauka, chumvi inabaki na kulisukuma lipu nje. Na ukungu ukiwa nyuma ya kabati au kitanda peke yake, tatizo huwa ni hewa: chumba hakipumui, madirisha yanafungwa kutwa, na jasho la nyumba linatua pale pasipofikiwa na upepo.

Ipo njia ya kujua ambayo haihitaji fundi. Bandueni karatasi sehemu ndogo, pafuteni, kisha bandikeni kipande cha nailoni chenye ukubwa wa kama nusu mita kila upande, kingo zote zizibwe kwa utepe wa gundi. Kiacheni usiku na mchana. Mkirudi, tazameni matone yako wapi. Yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Yakiwa mbele, upande wa chumba, unyevu ni wa hewa yenu, na dawa yake ni kufungua madirisha, kusogeza kabati na kuitengeneza feni ya bafuni. Kuyazuia maji ya ukutani kuna gharama, kurekebisha hewa karibu hakuna. Ndiyo maana nasema chunguzeni kwanza.

Wengine watawaambia, "Funika tu, hakuna atakayeona." Wahenga walishawajibu: mficha maradhi kifo humuumbua. Karatasi za siku hizi nyingi zina uso wa plastiki, ule unaofutika kwa kitambaa cha maji. Uso huo unazuia madoa ya watoto, lakini unazuia pia ukuta kutoa unyevu. Maji yakikosa pa kutokea, hukaa nyuma ya karatasi pamoja na gundi, na gundi nyingi ni ya wanga. Ukungu haukosi chakula hapo. Ukungu wa nyuma ya karatasi uliwahi kuwasumbua watu wa Ulaya vibaya. Mwaka 1775 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alitengeneza rangi ya kijani kutokana na aseniki, ambayo ni sumu, na katika karne iliyofuata kijani cha namna hiyo kikapamba karatasi za ukutani za nyumba nyingi. Katika miaka ya 1890 daktari wa Italia, Bartolomeo Gosio, alionyesha kuwa ukungu unaweza kuigeuza aseniki ya rangi hizo kuwa gesi. Karatasi mnazonunua leo hazina rangi ile. Lakini ukungu ni ule ule, na mtoto mwenye pumu anayelala chumba hicho ataujua kabla yenu.

Kwa mliorithi nyumba za mji mkongwe, Unguja, Lamu au Mombasa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, nawaomba msiziguse kwa plastiki kabisa. Kuta zile zilijengwa ziwe zinavuta unyevu na kuutoa. Chokaa ndiyo iliyoziweka hai. Ukizifunga kwa saruji au kwa karatasi ya plastiki, unyevu utatafuta njia nyingine, na njia hiyo itakuwa kubomoa lipu. Zipakeni chokaa mpya, wekeni pambo lenu kwenye zidaka, na mtakuwa mmefanya kazi nzuri kwa fedha ndogo.

Sasa tuje kwenye kubandua, kazi ambayo vijana wengi huisahau kwenye hesabu na ndiyo inayokula siku. Kwanza zimeni umeme kwenye swichi kuu, kwa sababu mtatumia maji karibu na soketi. Jaribuni kona moja ikiwa kavu: karatasi nyingine hutoka nzima kwa kuvuta taratibu. Zenye uso wa plastiki mara nyingi huachia uso tu, na karatasi nyembamba ya ndani hubaki imeshikamana na ukuta. Hiyo ndiyo inayotaka subira. Ilowesheni kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, mwacheni fundi anywe chai, dakika 10 au 15, kisha ikwangueni kwa chuma kipana kilicholazwa karibu sambamba na ukuta. Mkikisimamisha mtachimba lipu, na kila shimo mtalilipia puti. Baada ya hapo osheni gundi iliyobaki kwa sponji na maji safi hadi mkono usiteleze ukutani. Gundi ya zamani ikiachwa, itaiharibu mpya, na rangi juu yake itapasuka. Na mkikuta rangi ya mafuta ya miaka mingi chini yake, msiipige msasa mkavu watoto wakiwemo ndani. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni baya. Tumieni msasa wa maji na muwapeleke watoto kwa bibi yao.

Ukuta ukiwa wazi, uacheni ukauke. Mliopo pwani, msianze kazi hii wakati wa masika. Miezi ya Juni hadi Agosti, kipupwe kikiwa kimeingia, ndiyo rafiki yenu. Palipopigwa lipu jipya pangojewe kama mwezi. Ndipo puti, ndipo msasa, ndipo praima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hii haina fumbo, inasema ilivyo.

Twende dukani. Muuzaji atawauliza ukubwa wa chumba, atazidisha, atagawanya, atawapa idadi. Hesabu hiyo inaweza kuwatia hasara bila yeye kuwadanganya. Roli ya kawaida ya Ulaya ina upana wa sentimeta 53 na urefu wa mita 10.05, yaani mita za mraba 5.3 hivi. Chukueni chumba cha mita 4 kwa 3.5, dari lake mita 3.2. Mzunguko wake ni mita 15, eneo la kuta ni mita za mraba 48. Gawanyeni kwa 5.3, mtaambiwa roli 9 na kidogo, tuseme 10.

Lakini karatasi haibandikwi kwa mita za mraba, inabandikwa kwa vipande vya kutoka dari hadi sakafu. Mzunguko wa mita 15 kwa upana wa sentimeta 53 ni vipande 29. Kila kipande, pamoja na ziada ya kukata juu na chini, kinataka mita 3.3. Karatasi isiyo na maua inatoa vipande 3 kwa roli, na roli 10 zinatosha. Mkichagua ile yenye ua kubwa linalojirudia kila sentimeta 64, mambo yanabadilika. Ili maua yakutane, kila kipande kipya lazima kianzie pale ua linapoanzia, kwa hiyo kipande cha mita 3.3 kinakula mita 3.84. Roli moja sasa inatoa vipande 2 tu, kinachobaki ni taka. Vipande 29 vinataka roli 15. Kwa ajili ya hesabu tuchukulie roli ni shilingi 45,000: bila maua mnalipa 450,000, kwa maua mnalipa 675,000, na roli zote hizo bei yake dukani ni moja. Milango na madirisha yatapunguza kidogo, lakini msiyategemee. Ombeni roli zote ziwe na namba moja ya bechi, kwa sababu bechi tofauti hutofautiana rangi, na nunueni moja ya akiba. Siku ukuta ukichubuka, hamtaipata tena ile ile.

Stika za kujibandika zenyewe, zile zinazouzwa mpaka kando ya barabara, nazo zina mahali pake: ukuta laini, mkavu, uliopakwa rangi ya mafuta. Kwenye lipu la mchanga zitaanguka, na kwenye rangi ya maji zitaondoka na rangi.

Mkisharudi nyumbani, igaweni fedha yenu mafungu. La kwanza ni la ukuta: kuziba maji, kubandua, puti, msasa, praima. La pili ni la fundi. La tatu ndilo la karatasi na gundi. Pembeni wekeni akiba, angalau sehemu moja ya kumi, maana ukuta mkongwe ukifunuliwa haukosi jipya. Fedha isipotosha, punguzeni fungu la tatu. La kwanza halipunguzwi.

Fundi wa rangi si lazima awe fundi wa karatasi. Mwombeni awaonyeshe kazi aliyoifanya, tazameni kona na kandokando ya swichi, hapo ndipo uzembe unapojificha. Mwulizeni kipande cha kwanza anakianzaje. Akisema anafuata kona ya chumba, mshukuruni na mtafute mwingine. Kona za nyumba zetu ni chache zilizonyooka, na fundi wa kweli hushusha timazi kwanza. Vifaa nunueni wenyewe. Patanisheni kwa kazi nzima, si kwa siku, na malipo ya mwisho yasubiri karatasi ikauke.

Mkiwa wapangaji, msimwage fedha kwenye ukuta wa mtu kwa maneno ya kibarazani. Mwenye nyumba akikubali gharama ikatwe kwenye kodi, aandike na kutia saini. Maji yakiwa yanapanda kutoka kwenye msingi, hiyo ni kazi yake, si yenu.

Na ikiwa baada ya yote haya mnaona fedha haifiki, msikope. Bandikeni ukuta mmoja, ule wa kichwani mwa kitanda au wa nyuma ya kochi. Ukuta wa mita 4 katika chumba kile unataka vipande 8, yaani roli 4 hata kwa ua kubwa, shilingi 180,000 kwa bei yetu ya mfano badala ya 675,000. Kuta tatu zilizobaki zipakwe rangi nzuri ya maji. Chumba kitapendeza, na mkichoka na maua yale baada ya miaka mitano, mtakuwa na ukuta mmoja wa kubandua.

Mkiniita nije kuona, nitasifu maua yenu, kisha nitabisha ukutani kwa kidole niusikie kama lipu limeshika. Mungu aibariki nyumba yenu, awape kipato cha halali na subira ya kuacha ukuta ukauke.