Je, Mwenye Kuikosoa Nchi Yake Haipendi?

Masomo: Yeremia 37 hadi 40, Amosi 7:10–17, Luka 19:41–44





Safari hii twataka kulitazama swali moja ambalo Wakristo wetu hulizungumza kwa sauti ya chini, wakitoka kanisani au wakingojea chombo bandarini. Serikali ya nchi yetu hufanya mambo mengi na mataifa mengine. Hupiga kura katika Umoja wa Mataifa. Hufungua ubalozi hapa na kuufunga kule. Hupeleka askari katika nchi za watu. Hupokea wakimbizi, na siku nyingine huwarudisha walikotoka. Je, raia akiona kwamba mojawapo la mambo hayo si la haki, naye akalisema, ameisaliti nchi yake?

Wako wasemao kwamba ndiyo. Husema, "Ya ndani tutagombana sisi kwa sisi, lakini mbele ya wageni tuwe kitu kimoja. Siri ya nyumba haitolewi barazani." Tusiicheke hoja hii. Wakubwa wa dunia hawajaacha kutafuta ufa wa kutia mkono katika nchi zetu. Tena mambo ya nje yana siri nyingi ambazo sisi raia wa kawaida hatuzijui. Naye Mtume Paulo atuagiza kuwaheshimu wenye mamlaka na kuwaombea, nasi twawaombea katika ibada zetu. Lakini Paulo huyo huyo, alipopigwa na kufungwa kule Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa kwa siri. Aliwataka wakuu wa mji waje wenyewe wamtoe, kwa kuwa walivunja haki ya raia wa Rumi (Matendo 16). Kumheshimu mkubwa ni jambo moja. Kumnyamazia akosapo ni jambo jingine.

YEREMIA NA WAKUU WA YUDA

Katika Maandiko hakuna aliyeitwa msaliti kwa sababu ya mambo ya nje kama Yeremia. Nchi yake ndogo ya Yuda ilikaa katikati ya wakubwa wawili, Babeli na Misri. Mfalme Sedekia alikuwa amekula kiapo kwa mfalme wa Babeli, kisha akakivunja, akitumainia majeshi ya Farao. Yeremia akasema wazi kwamba Farao atarudi kwake na kuwaacha, na kwamba mji utateketea. Wakuu wakakasirika. Alipokuwa akitoka mjini kwenda katika nchi ya Benyamini, alikamatwa langoni akaambiwa kwamba anakimbilia kwa adui. Akapigwa, akatiwa kifungoni. Kisha wakamshitaki kwa mfalme kwamba anailegeza mikono ya askari, wakamtupa shimoni penye matope. Aliyemwombea kwa mfalme na kumtoa kwa kamba na matambara alikuwa Mwafrika, Ebedmeleki Mkushi.

Sasa tazameni mwisho wake. Mji ulipoanguka, mkuu wa askari wa Babeli alimfungua Yeremia minyororo, akampa hiari ya kwenda Babeli, akaishi huko akitunzwa vema. Kama angalikuwa kibaraka, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kupokea ujira wake. Yeye akachagua kubaki Mispa pamoja na maskini walioachwa katika nchi. Wakuu waliomwita msaliti walikuwa wameufikisha mji kwenye maangamizo. Aliyeitwa msaliti ndiye aliyebaki na watu wake.

ASKOFU WETU FRANK WESTON

Mfano wa pili ni wa nyumbani kwetu. Frank Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924, na Pemba ilikuwa sehemu ya dayosisi yake. Alikuwa Mwingereza, na nchi yake aliipenda. Katika Vita Kuu ya kwanza aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja bara, akienda nao kwa miguu katika vita ambayo wapagazi wa Kiafrika walikufa maelfu kwa maelfu. Vilevile aliandika juu ya ukatili wa utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, akapinga watu wake wasirudishwe chini ya utawala huo. Bila shaka maneno hayo yaliwapendeza wakubwa wa London, maana kumlaumu adui si kazi ngumu.

Vita vikaisha. Mwaka 1919 Gavana wa Kenya, Edward Northey, alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua "kuhimizwa" na chifu kuna maana gani. Maaskofu wa Mombasa na Uganda waliandika waraka wao wakitaja hatari za jambo lile, lakini walikubali kazi ya kulazimishwa ikiwekewa masharti. Weston alikataa kabisa. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Watwana wa Uingereza", akaishitaki serikali ya nchi yake mbele ya watu wake mwenyewe. Yeye pamoja na wengine walipiga kelele, na mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, akatoa maagizo kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena kuwatafutia walowezi vibarua.

Tuulizane basi: ni nani aliyeipenda Uingereza zaidi? Ni yule aliyenyamaza ili jina lake lisichafuke, au ni Weston aliyetaka jina hilo liwe safi kwa kweli? Nasi ambao kanisa letu kuu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, twajua faida ya watu wasionyamaza.

NCHI YETU WENYEWE

Tanzania nayo ina mifano yake. Mwaka 1968 karibu Afrika yote ilikuwa upande wa serikali ya Nigeria katika vita vya Biafra, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulishikilia kwamba mipaka isiguswe. Tarehe 13 Aprili 1968 Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra, akawaambia ndugu zake viongozi wa Afrika kwamba umoja hauwezi kujengwa juu ya maiti za watu wanaoukataa. Ni nchi tatu tu za Afrika zilizomfuata: Gabon, Ivory Coast na Zambia. Watu wenye busara wamebishana tangu siku hizo kama alifanya sawa, na hapa hatukusudii kuamua. Tunalolitaka ni hili: Mwalimu alipotofautiana na Afrika, je, aliacha kuwa Mwafrika? La hasha. Basi raia naye atofautianapo na serikali yake haachi kuwa raia.

Kumbukeni pia wakimbizi wa Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na nchi yetu ikawapokea. Dunia iliusifu ukarimu huo, nasi tulifurahi kusifiwa. Desemba 1996 serikali yetu iliwataka waondoke kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakarudi. Waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi yetu waligeuzwa njia na askari. Serikali ilikuwa na sababu zake: mzigo ulikuwa mkubwa, na katika makambi walikuwamo wauaji. Lakini Mtanzania aliyeuliza kama ni haki kumrudisha kwa nguvu mtu anayeogopa kuuawa, hakuitukana Tanzania. Aliikumbusha ilivyokuwa mwaka 1994.

NA SISI JE?

Sasa tuje karibu zaidi, mahali panapouma. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Wakristo wengi, huku visiwani na kule bara, walilipinga jambo hilo waziwazi, wakisema kwamba mambo ya nchi za nje ni ya Muungano. Bungeni nako lilijadiliwa kwa ukali, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Siku zile tulipopinga hatukuita usaliti. Tuliita haki yetu, nayo ilikuwa haki yetu kweli.

Kama ni hivyo, tumpe na jirani yetu haki ile ile. Mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano wake na Israeli. Mwaka 1995 uhusiano ukarudishwa, na mwaka 2018 ubalozi wetu ukafunguliwa Tel Aviv. Tarehe 7 Oktoba 2023 vita vikalipuka. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa huko kujifunza kilimo walipoteza maisha, na tangu hapo makumi ya maelfu ya watu wa Gaza wameuawa. Jirani yetu Mwislamu husema kwamba serikali yetu imekuwa na sauti ndogo mno. Baadhi yetu humjibu kwamba haitakii mema nchi hii. Kwa nini? Yeye afanya lile lile tulilolifanya mwaka 1993. Wala tusidhani kwamba ni jambo la Waislamu peke yao. Hospitali ya Al-Ahli ya Gaza ni ya Dayosisi yetu ya Anglikana ya Yerusalemu, na Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili 2025, ilipigwa kwa makombora ya Israeli. Na Mkristo aonaye kwamba uhusiano na Israeli una faida kwa taifa, naye asiitwe adui. Wote wawili wawe huru kusema, na wasikilizane.

Twajua kwamba jambo hili ni zito kwetu. Wakristo wa Pemba tu wachache, na wengi wetu wazee wetu walitoka bara. Hofu yetu ni kwamba tukisema neno tutaambiwa, "Rudi kwenu." Ndivyo kuhani Amazia alivyomwambia Amosi kule Betheli: aende zake nchi ya Yuda, akatabiri na kula mkate wake huko. Amosi hakuenda. Wala hakujibu matusi. Alisema tu kwamba yeye ni mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, na kwamba aliyemtuma ni Bwana. Uchache wetu usitufanye mabubu. Wala usitufanye watu wa kusifu kila kitu ili tuachwe kwa amani.

MIZANI TATU

Hata hivyo, si kila lawama ni ya haki. Kabla hatujafungua kinywa, yatupasa kujipima kwa mizani tatu.

Kwanza, je, ni kweli? Wazee wetu husema, msema kweli mpenzi wa Mungu. Ahadi za mwana-TANU, ambazo CCM ilizirithi, zilimtaka mtu aseme kweli daima na fitina iwe mwiko kwake. Mambo hayo mawili hufanana kwa sauti, lakini si ndugu. Msema kweli hutaja tendo na ushahidi wake. Mfitini hutaja watu na kabila zao na dini zao. Pale tusipojua, na katika mambo ya nje hatujui mengi, tuulize badala ya kuhukumu.

Pili, je, twatumia kipimo kimoja? Weston aliandika juu ya Wajerumani, kisha akaandika juu ya Waingereza. Amosi alianza na dhambi za Dameski na Gaza na Tiro, akamaliza na Israeli. Anayelia kwa ajili ya wafu wa upande mmoja tu, huyo bado hajalia kwa ajili ya haki.

Tatu, je, tuko tayari kukaa na kubeba? Chombo kikiingia maji katikati ya mkondo wa Pemba, baharia apigaye kelele si adui wa nahodha, maana kikizama naye atazama. Lakini akiisha kupiga kelele, hushika ndoo akateka maji. Anayelaumu bila kuinua mkono, au alaumuye kwa kuwa amelipwa na mtu wa mbali, huyo hafanani na Yeremia aliyebaki Mispa.

Tukijipima hivyo tukajiona tu safi, na tuseme bila woga. Katiba ya Jamhuri ya Muungano na Katiba ya Zanzibar, zote mbili katika kifungu cha 18, zampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Na aliye juu ya katiba zote, Bwana wetu Yesu Kristo, aliupenda Yerusalemu kuliko wote waliousifu. Alipoukaribia aliulilia, kwa sababu haukujua yaupasayo amani. Kisha akaingia ndani yake, akasema aliyotumwa kusema, akafa kwa ajili yake.

Na tuombe: Ee Mungu Baba wa mataifa yote, wape hekima Rais wetu na wote watuongozao. Waepushe na washauri wanaowaambia yale tu wayapendayo. Utupe sisi ndimi za kweli na mioyo isiyo na chuki. Uwakumbuke walioko vitani na ugenini, wa kila dini. Utufundishe kuipenda nchi yetu mpaka tuitake iwe ya haki kwa jirani zake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.