Gari kwa Jina la Mke

Mume wa Kitale ametangazwa na mahakama kuwa amefilisika. Sasa anataka gari la mkopo la kupeleka mahindi Bungoma. "Mama watoto," asema, "tuliandikishe kwa jina lako, wadai wasijue."

Mama, usitie sahihi! Someni pamoja Matendo ya Mitume, sura ya 5. Anania na Safira walipatana kudanganya. Safira aliulizwa peke yake; nafasi ya kusema kweli alikuwa nayo, akarudia uongo wa mumewe.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 haimzuii aliyefilisika kufanya kazi, ila kuendesha biashara kwahitaji idhini. Kuficha mali ndiko kosa. Baba, mwende wote wawili kwa msimamizi wa madeni yako, mkamweleze haja yenu. Msimu huu mahindi yapande matatu, hata majirani wakicheka.