Sifa Zinazongoja Kaburi

Somo: Mathayo 23:29-31



Katika mazishi ya akina mama wazee ninayohudumu hapa Kisii na Nyamira, kuna neno moja ambalo halikosi: "Mama alikuwa mtu wa kusema ukweli." Wajukuu wanaitikia, hema lote linacheka kwa upendo. Kwa nyanya yangu tulilisema pia. Alikuwa na mdomo kweli. Alikuwa anasimama kwenye kikao cha ukoo na kuuliza pesa za chai zimeenda wapi, bila kungoja aruhusiwe.

Swali langu ni hili: mbona mdomo uleule ni baraka kwa marehemu na kero kwa aliye hai?

Akiwa hai tunamwita mgomvi, ati anaaibisha wanaume. Wengine wanamwita mchawi. Tusijifanye hatujui neno hilo limefanya nini kwetu. Mei 2008, watu 11, wengi wao akina mama wazee, walichomwa moto katika vijiji vyetu wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, umati uliwaua akina mama wanne kwa madai hayohayo. Na nyanya anayekataa shamba lisiuzwe, jina hilo halikawii kumfikia.

Mfikirie Moraa wa Kitutu. Mwaka 1908 alihimiza vijana wa Abagusii wakatae utawala wa Waingereza, mpaka Otenyo akamchoma mkuki ofisa wao, Northcote. Northcote akapona, jeshi likaja, likachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Mimi sibariki mkuki wala uganga. Lakini hebu jiulize, aliyechomewa nyumba alisema nini juu ya mdomo wa Moraa siku ile? Leo tunamtaja kwa fahari, kwa sababu mdomo wake hautugharimu kitu tena.

Hapo ndipo Yesu aliwashika Mafarisayo. Walipamba makaburi ya manabii ambao baba zao waliwaua. Kumsifu nabii aliyekufa ni rahisi: hawezi kukuuliza swali.

Mtu atasema, "Mchungaji, si kila neno la mama ni kweli. Mengine yanaumiza." Ni sawa. Kuheshimu si kukubali kila kitu. Soma Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwakubalia papo hapo, wala hakuwanyamazisha. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wana haki. Heshima ndiyo hiyo: kulichukua neno lake, kulipima, na kumrudishia jibu.

Wapendwa, wiki hii nenda kwa mama au magokoro wako aliye hai. Muulize lile jambo ambalo kila akilianza unatoka nje. Kaa chini, usikie mpaka mwisho, kisha umjibu. Na kama ameshalala, swali lake halikuzikwa naye. Kama ni mpaka wa shamba, urekebishe. Kama ni karo ya yatima wa ndugu yako, ilipe. Usiseme umemuenzi kwa sababu ya saruji na maua.

Mungu awabariki.