Deni la Aliyejilinda

Haki ya kujilinda haikuanzia mahakamani. Mtoto anayerushiwa jiwe huinua mkono wake kabla hajajua kuwa kuna sheria, na mnyama aliyebanwa huuma bila kufundishwa. Kwa sababu hiyo watu wengi huona ajabu, na wengine huona dhuluma, kwamba mtu aliyeokoa maisha yake kwa silaha aliyoificha nguoni huweza kulala mahabusu usiku uleule. Husema kwamba mtu huyo ameonewa mara mbili: kwanza na mnyang'anyi, kisha na Serikali. Nataka kuipima kauli hiyo, maana ndani yake mna kweli na mna kosa.

Natufanye mfano wa mtu asiyekuwapo. Ni mfanyabiashara wa samaki, ametoka Musoma jioni na fedha za mauzo, anaelekea Bunda kwa barabara ipitayo katika wilaya ya Butiama. Chini ya koti lake ana bastola anayoimiliki kwa leseni. Gizani anakuta mawe yamepangwa barabarani. Gari linasimama, mtu mwenye panga anafika dirishani, panga linainuliwa. Mfanyabiashara anafyatua risasi moja. Mwenye panga anaanguka na kufa, wenziwe wanatoweka porini. Mfanyabiashara anakwenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi, anaweka bastola mezani na kusema, "Nimeua mtu."

Tangu neno hilo mambo yake hayamo tena mikononi mwake. Bastola huchukuliwa, maiti hupimwa na daktari, maelezo huandikwa. Polisi wakiwa na shaka, huweza kushtakiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia, kosa ambalo kwa sheria ya Tanzania halina dhamana. Mahakama ya wilaya hupokea shtaka lake lakini haina mamlaka ya kulihukumu. Mwenye mamlaka ni Mahakama Kuu. Zamani mashauri kama hayo ya Mara yaliitegemea Mahakama Kuu ya Mwanza; siku hizi Mahakama Kuu inayo masjala yake Musoma. Leseni haimwokoi, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humruhusu mtu kumiliki silaha, wala haimruhusu kuua. Kitakachomwokoa ni Kanuni ya Adhabu. Hiyo humpa kila mtu haki ya kujilinda yeye na mali yake, na kumlinda mwingine, lakini kwa nguvu ya kadiri ihitajikayo tu. Akiipita kadiri na mtu akafa, amekuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Hata hivyo si wajibu wake kuthibitisha kwamba hana hatia. Mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri.

Je, kwa nini aulizwe hata kidogo, na panga lilikuwa juu ya kichwa chake? Jibu langu ni fupi: kwa sababu aliyekufa hana kinywa. Katika ugomvi mwingine wowote pande mbili husimama mbele ya hakimu na kila mmoja husema lake. Hapa upande mmoja umenyamazishwa, na aliyeunyamazisha ndiye msimulizi aliyebaki. Yamkini asema kweli tupu. Lakini kama neno lake peke yake lingetosha, basi kila muuaji angekuwa na wokovu mwepesi: angeua mahali pasipo shahidi, kisha angesema alishambuliwa. Swali linalomchosha mwema ndilo linalomzuia mwovu.

Tena silaha iliyofichwa ina jambo lake la pekee. Mkuki ulioshikwa mkononi huonekana, nao huonya kabla ya kuchoma. Mwenye nia mbaya huuona akageuka. Bastola iliyo chini ya koti haionyi mtu. Neno lake la kwanza aghalabu ndilo la mwisho. Simlaumu anayeificha, maana silaha iliyo wazi huweza kuwaita wezi kama inavyowafukuza. Nasema tu kwamba aliyechagua siri kabla ya tukio anapaswa kukubali uwazi baada yake.

Kuna watakaosema kwamba kumwepusha mwema na maswali ni huruma. Na tutazame Kenya. Mwezi Aprili 2005 Tom Cholmondeley, mzao wa ukoo wa Delamere, alimpiga risasi na kumwua Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori aliyekuwa kazini katika ranchi ya Soysambu bila sare. Cholmondeley alisema alidhani ni mnyang'anyi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu aliiondoa kesi kabla haijasikilizwa, na watu wengi, hasa Wamasai, waliandamana kwa uchungu. Mwezi Mei 2006 mtu mwingine, Robert Njoya, aliyekuwa mwashi, aliuawa kwa risasi katika ranchi hiyohiyo. Safari hii Cholmondeley alisema alikuwa akiwalenga mbwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miezi minane, baada ya kuzingatia takriban miaka mitatu aliyokwisha kukaa mahabusu.

Sisemi kwamba kesi ya kwanza ingalisikilizwa Njoya angalikuwa hai. Hakuna ajuaye hilo. Nasema kwamba kuiondoa hakukumsafisha mtu yeyote. Kama alikuwa na haki ya kujilinda, alinyimwa hukumu ya kuitangaza haki hiyo. Kama hakuwa nayo, wafiwa walinyimwa haki yao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na pale ambapo mkubwa haulizwi, wadogo hujifunza kwamba wao ndio nguruwe.

Lakini deni hili lina pande mbili, na hapa ndipo palipo na kweli katika malalamiko niliyoyataja. Jamii inayomdai mfanyabiashara wetu hesabu yake inadaiwa naye usikilizaji wa haraka. Mtu akikaa mahabusu mwaka baada ya mwaka akingoja kuambiwa kwamba hakukosa, amekwisha kuadhibiwa, na hukumu ya kumwachia huru haimrudishii biashara iliyokufa wala watoto waliokua bila yeye. Kuuliza ni haki ya Serikali. Kuchelewa kuuliza si haki ya mtu yeyote. Na msafiri akiona kwamba kusema kweli kunaleta mateso marefu, kesho atakayepatwa na jambo lilelile hatakwenda polisi. Ataiacha maiti porini na kunyamaza. Hapo sheria itakuwa imefundisha uongo.

Barabara ya mfano wetu inapita karibu na kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza na imani kwamba binadamu wote ni sawa. Ni rahisi kuliamini neno hilo tunapowafikiria wakulima na wavuvi. Ni vigumu zaidi tunapomfikiria mtu aliyelala kando ya mawe aliyoyapanga mwenyewe, panga likiwa pembeni yake. Hata hivyo, naye yumo katika "wote", na mfanyabiashara aliyetetemeka mezani pa polisi yumo pia. Wa kwanza tunamlipa kwa kuuliza alikufaje. Wa pili tunamlipa kwa kumsikiliza upesi, na tukiona alisema kweli, kumwacha aende zake na huzuni yake, pasipo hatia.