Wenzetu wa Jumamosi

Kila Ijumaa alasiri stesheni ya Dodoma hujaa watu wenye begi dogo mkononi. Wengi wao ni watumishi wa Serikali, nao wangoja treni ya umeme iwapeleke Dar es Salaam. Tangu reli hiyo ianze kuchukua abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, safari ambayo kwa basi hula karibu mchana kutwa yamalizika kwa muda wa saa nne hivi, na pengine pungufu. Jumapili jioni wale wale hurudi.

Hatuna neno juu ya mume amrudiaye mkewe, wala juu ya mama awafuataye wanawe. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, kwa azimio lililokuwa limetolewa tangu 1973, nyumba nyingi ziligawanyika, na watu hao hufanya wajibu wao kuziunga. Twamsemea mwingine: yule asiye na wa kumrudia huko, ambaye hukaa chumbani mwake Ilazo au Kisasa akihesabu siku, kwa kuwa amekwisha kukata shauri kwamba Dodoma ni mahali pa kazi tu, na maisha yenyewe yako kwingine. Je, yafaa mtu akae siku tano katika mji pasipo kuwa na mtu wa kucheka naye siku ya sita?

Wengi watajibu kwamba jambo hilo ni dogo. Rafiki, watasema, hajulikani kwa kicheko, maana wazee walitufundisha kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwamba undugu ni kufaana. Hatuzipingi methali hizo. Lakini zimetumika mno, hata twampima mwenzetu kama tupimavyo jembe dukani. Mtu aonekanaye siku ya dhiki peke yake ni kama mganga. Twamshukuru, twamlipa, naye huenda zake. Tena, ataijuaje dhiki yetu, ikiwa hajapata kuketi nasi siku ambayo hapakuwa na dhiki yoyote?

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alipambanua urafiki wa manufaa, urafiki wa kupendezana, na urafiki wa watu wema, akaona kwamba ule wa manufaa hufa pamoja na manufaa yenyewe. Karani aliyehamishwa idara hahitaji kusoma kitabu ili aifahamu habari hiyo. Simu iliyokuwa ikilia tangu asubuhi hunyamaza kabla ya mwezi kwisha.

Naye Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Algeria, asimulia katika kitabu cha nne cha Maungamo yake jinsi alivyofiwa na rafiki wa ujana wake, na jinsi rafiki wengine walivyomtuliza baadaye. Walimtuliza kwa nini? Ataja mazungumzo, kucheka, kusoma vitabu pamoja, kubishana pasipo kinyongo, kumtamani aliye mbali na kumlaki kwa furaha arudipo. Twaona ajabu kwamba mtu mwenye akili nyingi kiasi hicho, aliposaka dawa ya msiba mkubwa, alikuta mambo madogo matupu.

Madogo hayo hayakosekani Dodoma, wala hayana gharama. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu wa Agosti na Septemba ukifika, ndoo moja yatosha watu sita barazani, wakitema mbegu na kuwasema wasiokuwapo (kwa upole, twatumaini). Mgeni atokaye pwani huletewa ugali wa uwele na mlenda. Mlenda wamvutika hata kidevuni, wenyeji wacheka, naye akiwa na busara hucheka kuwashinda. Wengine huenda Hombolo kutazama bwawa na kununua samaki. Wengine hufika vijiji vya Chamwino siku ya ngoma, wakawaona akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma wazibanazo mapajani. Na upepo wa Julai, uletao vumbi hata ndani ya kikombe cha chai, wavumilika kwa namna nyingine kabisa ukiwa na mtu wa kuulalamikia pamoja.

Yuko atakayesema kwamba nchi yenye kazi nyingi kama yetu haina nafasi ya mambo hayo. Basi na awatazame Wagogo wenyewe. Nchi yao yaona mvua chache, nao wamepita njaa nyingi. Ile ya miaka ya 1918 hadi 1920, iitwayo Mtunya, ilisimuliwa na vizazi vilivyofuata. Mtu wa nchi ya namna hiyo ajua kwamba siku ghala likiwa tupu hawezi kubisha hodi kwa asiyemfahamu. Hubisha pale alipokwisha kuota moto jioni nyingi, bila haja yoyote.

Mgeni, tumezoea kusema, ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Watumishi wetu walipewa jembe tangu siku ya kwanza. Kiti barazani ndicho ambacho wengi hawajapewa, au hawajakubali kukikalia.

Katika mtaa mmoja wa mji huu, chini ya mwarobaini, watu watano hucheza drafti kila Jumamosi kwa vizibo vya soda: fundi cherehani, mwalimu aliyestaafu, dereva wa bajaji na makarani wawili waliohamia kutoka Dar es Salaam. Hawakopeshani fedha, na hakuna amwombeaye mwenzake kazi. Jumamosi moja mwalimu hakuonekana. Kabla ya jua kutua wawili walikwenda kumgongea mlango, wakamkuta yu peke yake na homa kali tangu Alhamisi. Walimpeleka hospitali kwa ile bajaji. Juma lililofuata, alipoweza kuketi kitandani, walimchukulia ubao nyumbani, na ugomvi juu ya nani alikuwa anaongoza ukaendelea hadi saa tatu ya usiku.