Je, Jirani Huadhibiwa kwa Kosa la Mwenziwe?

Adui akiingia mjini na kujificha kati ya raia, limpasalo mlinzi wa mji ni kumpiga vita mpaka amtoe. Hilo halina shaka. Lakini akisha kumshinda, je, amehalalishiwa kuwaadhibu watu ambao kosa lao ni kuwa lugha yao na kabila lao ni moja na la adui? Suala hili si la vitabuni tu. Lilitokea katika mji wa Kirkuk, kaskazini ya Iraki, na waliofikwa nalo ni Waislamu wenzetu; na Wakurdi wengi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafii kama sisi watu wa pwani.

Mwaka 2014, jeshi la Iraki lilipokimbia mbele ya kundi la Daesh, lililojiita Dola ya Kiislamu, askari wa Kikurdi waitwao Peshmerga waliushika mji wa Kirkuk. Mji na jimbo lake vikawa makimbilio ya Waarabu kwa malaki, waliotolewa makwao na vita. Kisha alfajiri ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 2016, siku chache baada ya kuanza vita vya kuukomboa Mosul, wapiganaji wa Daesh waliuvamia Kirkuk. Walishambulia vituo vya polisi na majumba ya serikali, wakaingia msikitini na hotelini, wakapanda juu ya madari na kuwalenga watu kwa risasi. Katika kiwanda cha umeme karibu na Dibis waliwaua wafanyakazi. Askari wa usalama wa Kikurdi na polisi, pamoja na raia waliochukua bunduki zao, waliwaandama mtaa kwa mtaa, siku baada ya siku, mpaka wakawamaliza. Wengi katika waliouawa walikuwa ni hao walinzi.

Mpaka hapo hatuna neno ila kuwaombea rehema, kwani aulindaye mji amelinda roho za watu. Na lawama ya kwanza ni ya yule aliyeifanya nyumba ya Mungu kuwa ngome yake na nyumba ya maskini kuwa ngao yake, kisha akajiita mtetezi wa dini.

Lakini baada ya ushindi lilifuata jengine. Shirika la Amnesty International lilieleza, mwezi wa Novemba mwaka huo huo, kwamba nyumba za Waarabu zilibomolewa kwa matingatinga, na mamia yao wakafukuzwa mjini, kwa dhana kuwa wavamizi walisaidiwa na watu waliokuwamo katika wakimbizi.

Huenda mtu akasema: "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Tutamjibu: Kushtuka si kosa, kosa ni kuutia moto unyasi na watu wamo ndani yake. Akasema tena: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Tutamjibu: Mithali hiyo ni ya samaki, wanaadamu hawahesabiwi kwa kapu. Ikiwa yuko aliyemfungulia adui mlango, na ashikwe, asimamishwe mbele ya kadhi, mashahidi wasikizwe, ahukumiwe kwa alilolitenda. Mkewe, watoto wake na jirani yake hawakutenda. Sharia yetu haimchukulii mtu dhambi ya mwenziwe, wala haifanyi shaka kuwa ushahidi.

Na kama wako watu waujuao uchungu wa jambo hili, ni Wakurdi wenyewe. Mwaka 1988 serikali ya Saddam Hussein ilivunja vijiji vyao kwa hoja kuwa ndimo walimokaa waasi, na tarehe 16 Machi mji wa Halabja ukapigwa kwa hewa ya sumu, wakafa watu wapatao 5,000. Hatusemi kuwa mambo haya mawili ni sawa; kubomoa nyumba si kama kuua kwa sumu. Twasema mzizi ni mmoja, nao ni kumwangalia mtu usimwone yeye, ukaliona kabila lake.

Mwezi wa Oktoba 2017 serikali ya Iraki ikauchukua Kirkuk, Peshmerga wakaondoka, na Wakurdi kwa maelfu wakaukimbia mji. Hatudai kuwa hiyo ni adhabu ya Mwenyezi Mungu. Twataja tu kuwa mlango uliofunguliwa wa kumtoa mtu kwa ajili ya kabila lake haumjui mwenye kuufungua.

Tena tufikiri: ni nani aliyefaidiwa na nyumba zile kubomolewa? Daesh walikuwa wakiwaambia Waarabu kuwa hawana mlinzi ila wao. Amfukuzaye mkimbizi asiye na kosa amemsadikisha mwongo huyo.

Ndugu msomaji, dhulma hii haianzi kwa tingatinga. Huanzia barazani, pale tunaposema "watu wale wote ndivyo walivyo," na waliokaa nasi wakaitikia. Basi tuuzuie ulimi kabla haujawa mkono. Mwenyezi Mungu atupe uadilifu wakati wa khofu, kama tunavyoutaka wakati wa amani. Amin.